Uso wa Nyuki wa Mama

Jumapili, 3 Februari 2013

Kwako Baba wa Ubatizo, don Gaudencio,

Naubusu mkono wako na kuomba baraka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti halikutesi sana na baridi hii. Sisi huku hatujambo. Kuku wanataga, mchungwa mchungu umezaa mpaka tawi moja limevunjika, na mizinga kumi na minne ya nyuki iko salama chini ya kibanda chake cha makuti.

Nakuandikia kwa sababu ukipigiwa simu unajibu swali la mtu mwingine. Usikasirike, hata Elmer anasema hivyo. Ndiye atakayekuletea barua hii akija Mérida Ijumaa kuuza bembea zake za kulalia, na utanijibu kwa mkono wake huo huo.

Ni habari ya mama. Macho yake unayajua. Nilipoacha kazi ya kufua mashuka hotelini Cancún nikarudi nyumbani, sasa miaka miwili, alikuwa bado anachambua maharage mwenyewe. Mwezi uliopita nilimpeleka kwa daktari wa macho. Amesema katikati ya jicho pameshakufa, yote mawili, na hakuna upasuaji. Pembeni bado panaona kidogo, lakini napo panafunga polepole. Kabla mwaka haujaisha atakuwa anajua tu kama ni mchana au usiku. Mama alimshukuru, kisha akampa kichupa cha asali yetu atie machoni yeye daktari, maana alimsikia akilalamika kuwa yanamuwasha.

Njiani kurudi ndipo akaniambia. Kwamba amewafuga hawa nyuki wadogo wasiouma miaka sitini, kama mama yake na bibi yake, anawaita Bibi kama sisi Wamaya tunavyowaita wote, anawasalimu kila asubuhi, na hajawahi hata siku moja kumwona mmoja wao usoni. Ni mdogo, hatulii, na zamani nani alikuwa na nafasi. "Nataka kumwona uso kabla sijazimika," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Kitu kikubwa akikiweka pembeni mwa jicho, kwenye jua kali, bado anakiona. Kwenye televisheni haoni kitu, anasema mwanga wake unamchoma. Anataka picha ya kushika, kubwa kama mlango.

Kamera ninayo. Niliinunua kwa mwenzangu wa hotelini, ya kidijitali, mwili wake mzima lakini lenzi imekufa. Nilikwenda duka moja Valladolid kuulizia lenzi ya kupigia vitu vidogo. Bei aliyonitajia yule bwana nilidhani ananipa namba ya simu. Wewe umepiga picha za harusi na ubatizo miaka arobaini. Je, hakuna njia ya maskini?

Mama anakusalimu. Anasema kompadre wake, yaani wewe uliyembatizia mwana, asitoke bila kofia.

Ni mimi mwanao wa ubatizo,
Landy


Mérida, 11 Februari 2013

Mwanangu Landy,

Baraka unayo tangu siku ile ulipomkojolea padre mikononi mwangu. Nimefurahi kusikia mko salama, na mchungwa umezaa. Mimi sijambo. Goti linanitangazia mvua siku mbili kabla, na mara nyingi linasema uongo.

Habari ya macho ya mama yako imenikata maini. Ulipozaliwa kulikuwa na watu wenye ng'ombe pale kijijini, na wote walikuwa tayari kuwa baba yako wa ubatizo. Yeye akanichagua mimi, mpiga picha wa kupita na baiskeli. Tangu siku hiyo nina ndugu, maana komadre, mama wa mtoto uliyembatiza, ni ndugu. Kwa hiyo usiniombe kama mtu anayeomba. Niamuru.

Njia ya maskini ipo, na wala si ya kuonea haya. Fungua kifurushi. Hiyo lenzi nzito ni ya kamera yangu ya filamu, imenizidi akili na wewe imekuzidi umri. Lenzi za siku hizi zinajilenga zenyewe. Hii inazungushwa kwa mkono, na isipozungushwa haifanyi kitu, kama mimi. Hiyo pete nyembamba ndiyo inayozioanisha: upande mmoja lenzi inajifunga kwa skrubu, upande wa pili unaingia kwenye kamera yako. Nimeipata kwa muuza saa mbovu sokoni, kwa bei isiyofika kuku mmoja, na kuku mwenyewe awe anaumwa.

Sasa sikiliza. Kamera itanuna, itasema haina lenzi. Izungushe kidude cha juu mpaka kwenye M, itanyamaza. Kwenye lenzi kuna swichi ndogo, A na M. Weka M, la sivyo tundu la ndani litabaki wazi kama mdomo wa mlevi aliyelala, na picha yote itakuwa ukungu. Halafu zungusha pete ya tundu mpaka nane. Nirudishie kadi ya kamera ndani ya barua, nitaitazama kwenye kompyuta ya jirani.

Mbusie komadre mikono. Kofia ninavaa.

Baba yako wa ubatizo,
Gaudencio


24 Februari 2013

Baba mpendwa,

Naomba baraka. Tunamshukuru Mungu tu wazima, isipokuwa jogoo mmoja, naye tulimla.

Kifurushi kimefika. Nimeishika hiyo lenzi jioni nzima. Mama naye aliipokea, akaipapasa, akaitia ulimi ndipo akasema ni kitu cha kweli. Asante, baba. Najua ulivyoipenda.

Lakini matokeo utayaona kwenye kadi. Swichi niliiweka A siku mbili nzima, usinicheke. Nilipoihamisha picha zikawa kali, ila lenzi haikubali kusogea karibu. Nikifika umbali wa mkono inagoma. Bibi anatoka kama mbegu ya papai. Nilikwenda kuichapisha moja kwa mwenye duka la fotokopi, nikampelekea mama juani.

"Hii ni nini?"

"Ni Bibi, mama."

"Bibi amekonda hivi lini?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini usiku nilimsikia anajigonga kwenye beseni la kufulia, mahali ambapo beseni hilo limekaa tangu mimi sijazaliwa. Tuna haraka, baba.

Mwanao,
Landy


Mérida, Jumatatu, 4 Machi 2013

Mwanangu,

Pokea baraka na salamu. Leo Jumatatu, siku ambayo huku kila nyumba hupika maharage na nguruwe, kwa hiyo mtaa mzima unanukia, na mimi nimekula kwa majirani wawili kabla sijakaa kuandika. Afya njema.

Kadi nimeitazama. Siku za A sikucheka. Nilicheka kidogo.

Dawa ya lenzi kugoma ni kuisogeza mbali na kamera. Ukiipa shingo ndefu, inaona karibu. Nimekutumia pete tatu tupu, hazina kioo ndani, ni hewa tu iliyozungushiwa chuma. Zifunge kati ya lenzi na ile pete ya kwanza. Ukizitumia zote tatu nyuki atajaza picha. Lakini kila kitu kina gharama yake: mwanga utapungua, na sehemu inayotoka kali itakuwa nyembamba kama ukucha. Hapo usizungushe lenzi tena. Jilenge wewe. Inama mbele kidogo, rudi nyuma kidogo, kwa kiuno, mpaka jicho la nyuki likae. Jua likiwa kali, mshikie sahani nyeupe ya plastiki upande wa kivuli.

Utaniambia nyuki hatulii. Nina rafiki aliyekuwa akipiga picha za wadudu. Yeye alikuwa akiwatia kwenye chupa, chupa kwenye boksi la barafu, dakika kumi. Wanatulia kama bi harusi. Wakipata joto wanaamka na kwenda zao. Jaribu hivyo, tusipoteze siku.

Ni mimi baba yako,
Gaudencio


Mérida, 5 Aprili 2013

Mwanangu Landy,

Baraka na salamu kwako na kwa komadre. Natumaini mmepita Pasaka salama. Mwezi umepita sijapata jibu. Elmer anasema pete tatu alikukabidhi mwenyewe. Labda ni kazi za nyumbani. Labda barua imelowa. Niandikie hata mstari mmoja.

Baba yako wa ubatizo,
Gaudencio


Mérida, 29 Aprili 2013

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sijui kama nikuulize afya au nikuombe radhi kwanza.

Elmer ameniambia jambo ambalo hakutaka kuniambia. Kwamba mara mbili amekuuliza kama una barua ya kwenda Mérida, na mara mbili umemjibu kuwa huna mtu wa kumwandikia huko. Nimekaa na neno hilo wiki nzima. Nimezisoma barua zangu upya, maana nakala huwa najiandikia, nikatafuta nilipokukosea. Sijaona, na hilo ndilo linalonitisha, maana kosa lisiloonwa na mwenyewe ndilo kubwa.

Kama ni lenzi, itupe kisimani. Kama ni mzaha wangu, nitaacha mzaha, ingawa nitabaki na maneno machache. Ila usiniache nikae bila habari ya mama yako. Mimi sina mtoto mwingine, Landy. Hilo unalijua.

Baba yako,
Gaudencio


19 Mei 2013

Baba wa Ubatizo,

Naomba baraka, na safari hii naiomba nikiwa nimeinamisha kichwa. Mama hajambo. Mimi sasa naweza kusema sijambo.

Nilifanya ulivyosema. Nilikamata nyuki saba mlangoni mwa mzinga wa tatu, nikawatia kwenye chupa, chupa kwenye boksi la barafu. Nikahesabu dakika. Ya sita, akaja mtu wa gesi. Unamjua alivyo, akibadilisha mtungi mmoja anakupa habari za vijiji vinne. Nilipokumbuka ilikuwa imepita nusu saa. Niliwamwaga kwenye sahani juani, nikangoja. Nikawapulizia. Hawakuamka hata mmoja.

Wewe ni mtu wa mjini, pengine mama hakuwahi kukuambia. Kwetu Bibi haendi jaani. Akifa mkononi mwako unamfunga kwenye jani na kumzika, na unamwomba radhi kwa jina la nyumba yako. Mama alitambua kwa ukimya wangu. Akanyoosha kiganja nikammwagia wote saba. Akachuma majani ya mchungwa kwa kupapasa, akafunga vifurushi saba, kila kimoja na uzi wake, akavizika chini ya nguzo ya kibanda. Hakunigombeza. Aliposimama akapangusa magoti, akasema, "Basi, Landy. Picha nimeghairi."

Ningependelea anipige. Lenzi niliitia kwenye gunia la mahindi nisiione. Nikakuchukia, baba, nakuambia kweli. Ilikuwa rahisi kukuchukia wewe kuliko kujiuliza kwa nini nilimsikiliza mtu wa gesi. Na siku zote hizo macho ya mama yanakwenda. Wiki hii anamimina uji pembeni ya kikombe.

Juzi nilikwenda kuchota mahindi, nikaishika lenzi gizani, nikaanza kulia pale pale. Mama akaja, akakaa juu ya gunia la pili.

"Kwani mlimtoa nje ili iweje?" akauliza.

"Ili atulie. Tumwone uso."

"Uso si uko mlangoni." Akanishangaa kabisa. "Kila mzinga una mlango mmoja, kila mlango una mlinzi mmoja. Kichwa chake ndicho kofuli. Anakaa pale mchana kutwa anatazama nje. Mimi nikimsalimia asubuhi unadhani nasalimia gogo?"

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Wewe na kompadre mlikuwa mnaulizana habari za lenzi."

Kisha akasema kama Bibi mwenyewe anakubali, naye anakubali, na kwamba alishamuuliza. Kwa hiyo tunaanza tena. Nisamehe kwa kimya changu, baba. Na kwa yale niliyomwambia Elmer.

Mwanao,
Landy


Mérida, 24 Mei 2013

Mwanangu,

Nimekupa baraka kwa mikono miwili. Nashukuru mnaendelea vizuri.

Nisamehe wewe kwanza. Majuto ni mjukuu, na mimi nimepata saba kwa siku moja. Miaka arobaini nimeingia katika nyumba za watu na kamera, na kanuni yangu ilikuwa moja: kabla hujapiga, muulize bibi mwenye nyumba. Safari hii sikumuuliza. Mwambie komadre kwamba nimewaombea radhi kwa jina la nyumba yangu, ingawa nyumba yangu ni chumba kimoja na paka.

Kuhusu kazi. Mlinzi akiwa mlangoni nyuma yake ni giza, kwa hiyo uso utajitokeza vizuri. Tumia pete mbili, acha ya tatu. Tundu weka kumi na moja. Sahani nyeupe mbili, kushoto na kulia. Piga nyingi, usiwe na choyo, hii si filamu. Katika mia mbili moja itakuwa ya kweli.

Asante kwa kuniambia kwamba ulinichukia. Mtu haambii hivyo asiye baba yake.

Gaudencio, baba yako


10 Juni 2013

Baba mpendwa,

Naomba baraka. Tu wazima, mvua zimeanza, na mama anasema goti lako safari hii huenda limesema kweli.

Ndani ya barua kuna kadi. Usiitazame kabla hujamaliza kusoma.

Siku tano za mwanzo sikupata kitu. Mlinzi yuko pale kweli, kichwa kimeziba tundu barabara, lakini kila nilipoinama kulenga alirudi ndani. Nikikaa nyuma anatoka. Nikisogea anaingia. Nilidhani ni kivuli, nikabadilisha upande. Nikadhani ni mlio wa kamera. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma yangu, ananisikiliza. Siku ya sita akaniuliza, "Umekunywa kahawa?"

"Nimekunywa."

"Nawe ukifunguliwa mlango ukapuliziwa kahawa ya jana usoni, utabaki?"

Ni pumzi, baba. Ni pumzi siku zote hizo. Akavua mtandio wake, akanifunga mdomo na pua kama jambazi. Akasema nipumue kuelekea kwapani. Halafu akasimama nyuma yangu, akaniwekea kiganja mgongoni, kati ya mabega. Mimi sikuwa na haja ya kuhesabu. Yeye aliisikia pumzi yangu kwa mkono. Kila ilipofika mwisho na mwili ukatulia, alinisukuma mbele, polepole, upana wa uzi. Jicho la Bibi likaingia katika ukungu, likatoka, likaingia, na pale lilipokaa nikabonyeza. Mlinzi hakurudi ndani. Asubuhi nzima tulikuwa hivyo, na ndani ya lenzi yako nilimwona akinitazama. Sijui kukuelezea. Utaona mwenyewe namba 188.

Sijawahi kufanya kazi na mama yangu vizuri hivyo tangu nizaliwe.

Mwanao,
Landy


Mérida, 14 Juni 2013

Landy mwanangu,

Salamu zitajaa barua nyingine. Nimeiona.

Ana manyoya usoni, ya rangi ya mahindi mabichi. Ana mstari wa njano chini ya macho, kama mtu aliyejipaka kwa ajili ya sikukuu. Kwenye unywele mmoja kuna chembe ya chavua, na hiyo chembe ni kali kiasi kwamba nilijaribu kuifuta kwenye kioo cha jirani. Nilipiga picha maharusi elfu na kitu. Hakuna hata mmoja aliyenitazama hivi.

Kuhusu ukubwa kama mlango. Karatasi ya picha ya namna hiyo haishikiki kwa bei, nikakumbuka wanasiasa. Nyuso zao zinachapwa wapi, kubwa vile, kila uchaguzi? Kwenye turubai la plastiki. Nikaenda kwenye duka la mabango. Mwenye duka akamtazama Bibi kwenye kompyuta, akanikodolea macho, akaniuliza anagombea nini. Nikamwambia hagombei, alishashinda. Akanichapia mita mbili kwa mbili, na akanipunguzia, akasema ni uso wa kwanza mwaka huu asiouonea shaka.

Elmer analo, limeviringishwa katikati ya bembea. Mtundikie mama juani, saa sita kamili, na umwachie muda.

Baba yako anayejivuna,
Gaudencio


23 Juni 2013

Baba wa Ubatizo,

Naomba baraka, na mama anakubusu mashavu yote mawili. Tu wazima wa mwili. Moyo sijui niseme nini.

Turubai nililifunga kati ya kibanda na mchungwa. Saa sita nikamleta mama. Mwanzoni hakuona. Akageuza uso kana kwamba anatazama kwa jirani, ndivyo inavyombidi, akaanza kwenda kwa ubavu, hatua moja, hatua moja, kama kaa. Akasimama.

"Ana ndevu," akasema.

Alikaa pale mpaka jua likahama. Alimwona macho, alimwona pembe, aliniuliza kile cha njano ni nini nikamwambia. Akasema amekuwa akimsemesha miaka sitini bila kujua kama anasikilizwa, na kwamba huu ni uso wa mtu anayesikiliza. Majirani walikuja. Mama akawaonyesha kama mtu anayeonyesha mkwe.

Walipoondoka nikaanza kulikunja turubai. Mama akasema, "Sasa upige wa kwako."

"Wangu nini?"

"Uso. Mkubwa hivi hivi."

Nikamwambia, mama, mimi niko hapa, kila siku uko nami. Akaniambia kwamba niliporudi kutoka Cancún, katikati ya macho yake palikuwa pameshafutika. Maharage aliyachambua kwa vidole, mimi nikadhani anayaona. Miaka miwili ananisikia natembea, ananisikia nakohoa, lakini uso alionao ni ule wa msichana aliyekwenda kufua mashuka. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nyuki mtu anaweza kumwomba," akasema. "Mtoto aliye mbele yako, utaanzaje kumwambia humwoni?"

Nilikwenda nyuma ya banda la kuku, nikalia huko.

Baba, pembeni napo panafunga, namwona anavyozidi kugeuza shingo. Siwezi kujipiga mwenyewe na lenzi hii, na sitaki mkono wa mtu mwingine. Najua goti. Njoo.

Landy


Mérida, 28 Juni 2013

Mwanangu,

Ijumaa ijayo. Nakuja na Elmer, nyuma, juu ya bembea. Usichane nywele, usijipake kitu.

Baba yako


4 Agosti 2013

Baba yangu,

Naomba baraka. Tunakushukuru kwa siku tatu ulizokaa nasi, na mama anauliza goti lilifika salama.

Turubai limefika Ijumaa. Nilitaka kulirudisha. Kwa lenzi ile hakuna kilichofichika, hata matundu ya ngozi yamesimama kuhesabiwa. Nikalitundika hivyo hivyo, saa sita, mahali pale pale. Mama akaja kwa ubavu. Mimi nilisimama pembeni na moyo unadunda kama wa mtoto aliyevunja chungu.

Alitazama muda mrefu kuliko alivyomtazama Bibi. Halafu akasema, "Umezeeka, Landy. Nani amekuzeesha hivi na mimi nipo?"

Nikacheka, nikalia, sijui kipi kilitangulia. Nikamwambia nina miaka arobaini na tisa. Akasema hesabu anaijua, ila hesabu haina uso. Akaendelea kwenda, hatua moja, hatua moja. Akanikuta na nywele nyeupe. Akasema hizo ni za upande wa baba yangu mzazi. Akafika kwenye kidevu.

"Hili kovu la nini?"

"Pasi ya hotelini. Mwaka wa tatu kule."

"Hukuniambia."

"Ulikuwa mbali, mama. Nilidhani litapotea."

Akaniita nisogee, nikasimama kati yake na picha. Akaweka kidole juu ya kovu lenyewe, kwangu mimi, akakiacha hapo. Akaniambia nianze kumhadithia tangu siku ya kwanza nilipoingia kufulia, nisiruke kitu. Tunaendelea bado, kila jioni. Tumefika mwaka wa tano.

Uliniambia miezi ile kwamba usiombwe, uamriwe. Mimi sina amri tena, baba. Nina shukrani tu, na ni nyingi kuliko karatasi.

Mwanao,
Landy


6 Oktoba 2013

Baba wa Ubatizo,

Naubusu mkono wako na kuomba baraka. Mimi mzima. Mama naye mzima, anakula vizuri, na juzi alimfukuza mtu wa gesi.

Leo asubuhi aliniomba nimpeleke tena mbele ya picha yangu. Jua lilikuwa kali, hakuna wingu. Akageuza uso kulia, akangoja. Akageuza kushoto, akangoja. Akasogea mpaka pua ikagusa turubai. Nikamshika mkono.

"Kumefunga," akasema.

Nikaanza kulia, akanisikia. Akanipigapiga mgongoni, pale pale kati ya mabega, kama mtu anayemtuliza mtoto wa jirani.

"Unalia nini?" akasema. "Mimi niliwahi."

Mwanao wa ubatizo,
Landy